Jike akistaafu anabaki nyumbani

Wanaonitafuta kutaka vitoto vya panya siku hizi wamekuwa wengi na nafurahi kwa kweli, ila wale wanaotaka na wao waanze kuzalisha nyumbani karibu wote wananiuliza kitu kimoja, jike mmoja anaweza kuzaa mara ngapi. Wachache mno wanauliza akishamaliza kuzaa anaishi wapi na nani. Na kwa muda wote niliofuga nimeona hilo la pili ndo lenye uzito, ukishalijibu lile la kwanza linajijibu lenyewe. Kwa hiyo leo naandika kuhusu majike waliostaafu, ni refu kidogo, mnivumilie.

Kwa wageni humu: naishi Uingereza, Coventry, nyumbani ni Morogoro. Panya ninaofuga ni yuleyule panya wa kahawia ambaye wanasayansi wanamwita Rattus norvegicus, ila ukoo wake umekaa na binadamu vizazi na vizazi, mpole, msafi, anakuja akiitwa jina. Huku mambo haya yana historia ndefu. Enzi za Malkia Victoria kulikuwa na mkamata panya London anaitwa Jack Black, akimpata mwenye rangi ya ajabu hamuui, anamzalisha na kuuza vitoto kwa watu wa mjini. Mwaka 1901 mama mmoja, Mary Douglas, akawaomba wenye klabu ya panya wadogo wamruhusu alete panya wakubwa kwenye maonyesho yao kule Aylesbury wakakubali, na 1976 kikaanzishwa chama kamili, National Fancy Rat Society, ambacho kipo mpaka leo na kinafanya maonyesho. Mi nafuga zaidi wale ninaowaita wa ushungi, yaani kichwa na mabega vina rangi halafu mwili mweupe na mstari mmoja unashuka mgongoni mpaka mkiani, ukimwona kwa mbali ni kama mtu aliyejitanda vizuri anaenda zake sokoni.

Ndugu zangu wengi wanaona ajabu, panya si ndo yule anayemaliza mahindi darini? Mama yangu yeye haoni ajabu, mtu wa Morogoro ameshasikia habari za panya buku wanaofundishwa kazi pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, miaka mingi, anajua panya anaweza kuwa na kazi na jina na mtu wa kumhudumia. Swali lake kila tukipigiana vidio ni "wale wazee hawajambo?" Anawauliza wazee kwanza, vitoto baadaye, na mi hilo linanifurahisha sana.

Sasa tuingie kwenye kuzalisha. Panya anabalehe mapema mno, wiki 5 au 6 anaweza kushika mimba, ndo maana vitoto vya kiume vinatolewa kwa mama na dada zao vikifika wiki 5, hapo hakuna kusema nitafanya wikiendi. Lakini kuweza kushika mimba sio kuwa tayari kuibeba. Jike wangu simpandishi mpaka afike miezi 5 au 6, mwili umekomaa, gramu 250 kwenda juu, kifua kisafi hakoromi wala hapigi chafya hovyo, na tabia nimeshaijua. Joto linampata kila baada ya siku 4 au 5, mara nyingi usiku, linakaa saa chache tu. Utamjua, ukimgusa mgongo anaubonyeza chini anainua kichwa, masikio yanatetema haraka haraka utadhani ana betri.

Mimba ni siku 21 mpaka 23. Dume namtoa mapema kabisa, kabla jike hajajifungua, na hapa nasisitiza maana ndo majike wengi wanapochoshwa bila mwenye nyumba kujua. Jike akizaa anarudi kwenye joto ndani ya saa 24. Dume akiwepo anampanda tena palepale, na yule mama anaanza kunyonyesha vitoto hawa huku wengine wako tumboni, mwili hauna hata wiki ya kupumua. Mtu anakwambia jike wangu anazaa kila mwezi, anasema kwa furaha, mi moyo unaniuma.

Na kuzaa kwenyewe jamani sio kudogo. Vitoto 8 mpaka 12 ni kawaida, wapo wanaofika 16 na zaidi, na mama ana chuchu 12. Kila kitoto kinazaliwa na gramu 5 au 6, chekundu, hakina nywele, macho na masikio yamefunga, ngozi nyepesi mpaka unaona maziwa tumboni, mstari mweupe ubavuni. Nikiuona ule mstari kwa wote najua wamenyonya, namwacha mama atulie. Anawalamba matumbo ili wakojoe kwa sababu wenyewe hawawezi bado, anawahamisha mmoja mmoja kwa mdomo akiona pale hapamfai, anakula mara mbili tatu ya chakula chake cha kawaida na bado anakonda. Kipindi hicho namuongezea yai la kuchemsha na dagaa wakavu wasio na chumvi ninaowanunua duka la Waafrika, anawachukua kwa mikono miwili anaanza na kichwa. Macho ya vitoto yanafunguka siku ya 14 au 15, na wakishaanza kukimbia mama anapanda juu kabisa ya keji kulala peke yake. Nimeshawawekea wote kibembea cha kitambaa huko juu mahususi kwa ajili hiyo, mama anayenyonyesha lazima awe na mahali watoto hawafiki.

Utaratibu wangu ni mizao 2 basi, na akishatimiza mwaka 1 hapandishwi tena hata awe amezaa mara moja tu. Katikati ya mzao na mzao anapumzika miezi 2 au zaidi mpaka uzito umerudi na manyoya yamejaa. Wapo wenzangu wanaoenda mpaka mizao 3 na wanawatunza vizuri, siwezi kugombana nao, lakini mi 2 inanitosha.

Sababu iko mwilini. Jike wa panya akikaribia mwaka mzunguko wake unaanza kuyumba, siku 4 zinakuwa 6, zinakuwa 8, baadaye wengine wanakaa kwenye joto mfululizo bila yai kutoka, wengine mwili unajidanganya una mimba kumbe hamna. Mizao inapungua idadi, vitoto vinavyozaliwa vimekufa vinaongezeka, na uchungu unaweza kukwama. Jike aliyekwama ni dharura ya kukimbilia hospitali ya wanyama usiku huohuo, na gharama yake ni kubwa na hata ukilipa sio wote wanapona. Hata makampuni yanayozalisha panya wa maabara, ambayo yako pale kwa biashara tupu, yanawatoa majike kwenye uzazi mara nyingi kabla hawajatimiza mwaka na kuwauza kama wastaafu. Wao wanafanya hivyo kwa sababu mizao ikipungua hesabu haziwalipi, sio huruma, lakini ujue tu kwamba anayehesabu kila kitoto naye anamtoa jike mapema, sasa wewe wa nyumbani mwenye panya wanne unamng'ang'ania jike wa mwaka na nusu wa nini?

Nitawaambia wa nini. Mama mzuri ndo anayeumizwa. Jike anayekula watoto au anayewaacha hakuna anayemrudisha kwa dume, anastaafu siku hiyohiyo. Yule aliyezaa 11 akalea 11, wakatoka wanene, wapole, wanaparamia mkono, huyo ndo kila mtu anataka "mzao mmoja tu wa mwisho". Somoe wangu alikuwa wa hivyo. Akikaribia kujifungua nilikuwa namkatia gazeti vipande virefu naviweka nje ya kiota, anatoka, anakusanya mdomoni vipande vingi mpaka haoni mbele, anarudi navyo kinyumenyume, anavipanga pembeni akizunguka, na kipande kisichomfaa anakitoa nje ya mlango anakiacha pale. Kwenye grupu letu watu waliona vidio zake wakaniomba vitoto vyake karibu kila wiki, na alipofika miezi 11 akiwa bado anang'aa, mzima kabisa, kuna mtu alikuwa tayari kulipa mara mbili. Nikamwambia Somoe amestaafu. Akasema lakini mbona bado ana nguvu? Ndiyo, na hizo nguvu ni zake, azitumie kupanda mapazia.

Maana hesabu ndo hii, na naomba ukitaka kuanza kuzalisha ukae uifanye kwa karatasi. Panya anaishi miaka 2 mpaka 3. Jike ukimstaafisha kabla ya mwaka, zaidi ya nusu ya maisha yake ni ya kustaafu. Kila mzao ukibakiza majike 2 wa kuendeleza ukoo, na mama yao yupo, na bibi yao yupo, na shangazi ambaye hakuwahi kupandishwa yupo, kabla mwaka wa pili haujaisha keji yako imejaa watu wazima ambao hawatakupa kitoto hata kimoja tena lakini wanakula kila siku, wanahitaji matandiko masafi, wanahitaji daktari. Mfugaji wa panya kwa kweli anafuga wazee, vitoto vinapita tu wiki 6 au 7 vinaenda kwao. Kama huna nafasi ya wazee basi huna nafasi ya mzao, hata kama keji ya vitoto iko tayari na imepambwa.

Kuna wanaowagawa wakishamaliza kuzaa. Kuwapa watu majike waliostaafu mi sikatai moja kwa moja, inategemea. Wakiondoka wawili pamoja, ndugu waliokua pamoja, wakiwa bado wazima, kwa mtu unayemjua ataweza kulipa daktari, sawa. Jike mmoja peke yake, mzee, anaenda nyumba mpya yenye harufu ngeni na panya wageni, hapana. Panya sio wa kuishi peke yake hata siku moja, na majike hasa wanajuana kiukoo, wanalala wamebebana, wanazaa kiota kimoja na kunyonyeshana watoto wakipata nafasi. Unamtoa humo akiwa ameshatumika, unampeleka wapi? Na wapo wanaowapa watu wa nyoka. Sibishani na mwenye chatu, nyoka naye anakula, lakini jike aliyelala mkononi kwangu akaniruhusu niguse vichanga vyake siku ya kwanza, siwezi kumfanyia hivyo na sitaki kuzoeana na anayeweza.

Mnamkumbuka Magawa? Panya buku aliyezaliwa Morogoro, akafundishwa na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, akaenda Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Alipata mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la kutibu wanyama la hapa Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Mwaka 2021 walipoona amepunguza mwendo walimstaafisha, akabaki palepale na wahudumu wake, ndizi na karanga zake, akafa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Sasa panya buku ni mnyama mwingine kabisa, sio jamii moja na hawa wangu, anaishi muda mrefu zaidi na anazaa watoto wachache, ila nawapenda wale watu kwa lile moja, kazi ilipoisha mnyama hakuondolewa. Huwa nawatajia watu wanaosema kustaafisha panya ni mambo ya Wazungu, kumbe mstaafu maarufu kuliko wote duniani ni mtoto wa Morogoro.

Haya, mstaafu yuko nyumbani, unamtunzaje. Kitu cha kwanza ni uvimbe. Majike wazee wa panya wanapata sana uvimbe wa tezi za maziwa, ni jambo la kawaida mno, kwa sababu ule mzunguko ukiyumba homoni nazo zinabaki juu bila kushuka, tezi zinaendelea kuambiwa ziote. Tezi za maziwa za panya zimesambaa kuanzia shingoni mpaka kinenani, hata ubavuni na kwapani, kwa hiyo uvimbe unaweza kutokea mahali usipodhani ni titi. Mingi sio saratani ya kusambaa, lakini inakua haraka, ukiiacha inakuwa kubwa mpaka mnyama anaiburuta. Mi kila Jumapili jioni nawapitia wote kwa vidole, taratibu, chini ya kidevu, makwapa yote mawili, kifua, tumbo, kinena. Wa Somoe niliupata kwapani kushoto, mdogo, ukubwa wa punje ya choroko, laini, ukiusukuma unateleza chini ya ngozi haujashika popote. Huo wa kuteleza ndo wa kuwahi. Dokta aliutoa wiki hiyohiyo, akalala kwa gesi ya usingizi, jioni yuko nyumbani anakula uji. Na mkipeleka panya kwa upasuaji msimfungishe, panya hawezi kutapika kwa hiyo ile habari ya kukaa na njaa tangu usiku haimhusu, ulizeni daktari wenu anayejua panya atawaambia hivyo. Ukiwatoa ovari wakiwa wadogo uvimbe unapungua sana, kwa hiyo wale dada na shangazi nisiopanga kuwazalisha nazungumza na dokta mapema.

Cha pili ni kifua. Karibu panya wote wa kufugwa wanaishi na bakteria wanaoitwa mikoplazma mapafuni, kijana anaibeba bila shida, mzee inamshinda. Ukisikia mlio wakati anapumua, ubavu unavuta ndani, amejikunyata manyoya yamesimama, na rangi nyekundu puani na machoni, usisubiri. Ile nyekundu sio damu, ni majimaji ya tezi ya nyuma ya jicho yenye rangi yake, ila ikiwa nyingi inakwambia mnyama ana stresi au anaumwa. Antibayotiki zipo na zinawasaidia. Maranda yenye vumbi tupa, vitambaa na karatasi ni bora.

Cha tatu keji. Nashusha kila kitu. Rafu zinakuwa karibu karibu, ngazi zinakuwa na mlalo wa taratibu, kibembea kinaning'inia vidole vinne kutoka chini, sakafu ya waya nafunika yote maana nyayo za mzee zinachubuka zinaota vidonda. Kucha nakata kwa sababu hapandi tena kuzisaga. Chakula kikavu naloweka maji ya moto kidogo. Nikiona jike anashindwa kushika chakula kwa mikono, anainamisha kichwa upande mmoja au anazunguka, hapo nampeleka dokta akaangalie kama ni sikio au uvimbe wa kichwani, na huo wa kichwani majike wazee wanaupata pia. Ikifika siku ambayo hali, hajisafishi, hataki wenzake, namwacha dokta amlaze usingizi wa mwisho. Nakaa naye mpaka mwisho, na nikirudi nyumbani namuonyesha kwa wenzake wamnuse, wakishamnusa wanatulia.

Na vijana hawawasumbui? Wanawasumbua, ndo, wanawarukia. Kwa hiyo mchana wazee wana upande wao na ndugu wa rika lao, jioni nafungua wanachanganyika. Nimeona majike ambao miezi mingi hawajazaa wakipelekewa vitoto vya wiki 3 wanaanza kuvilamba na kuvikokota kiotani bila kufundishwa na mtu. Vitoto vilivyokua na bibi vinajua adabu mapema, akikigeuza kitoto chali mara moja kinaelewa mipaka, na wanunuzi wangu wananiambia hawa wa kwako mbona wametulia.

Kuna faida nyingine ambayo mtu anayewaondoa wazee hawezi kuipata hata siku moja. Ukiwabakiza unaona wanazeekaje. Ninacho daftari, kila jike, alipata uvimbe akiwa na miezi mingapi, kifua kilianza lini, alikufa na nini, na mama yake je, na dada zake je. Ukoo ambao majike watatu wanafuatana kupata uvimbe mapema, hata wawe na rangi ya kushinda maonyesho, nauacha pale. Huwezi kujua hilo kama jike ukishamaliza naye unamtoa mlangoni, utakuwa unazalisha kwa macho tu, unaangalia rangi na masikio makubwa ya pembeni, na matatizo yanakuja kwa mtu aliyenunua kitoto. Ndo maana napenda kutumia madume wazee. Jike hawezi kusubiri lakini dume anaweza, akiwa na mwaka na nusu na kifua safi na bado mpole ameshanionyesha kitu ambacho kijana wa miezi 6 hawezi kukionyesha.

Kwa sasa basi hali ni hivi kwa mlioko kwenye orodha ya kusubiri vitoto. Zuhura, mjukuu wa Somoe, ana miezi 6, mzima, na bibi yake alifika miaka 2 na nusu na ule uvimbe mmoja tu. Dume ninayemtaka nasubiri avuke miezi 18 nione kifua chake baridi ikishaanza. Akivuka salama nitampandisha Zuhura, akikohoa sipandishi na mtanivumilia mwaka huu. Vitoto vinatoka wawili wawili, kama unataka mmoja usinipigie. Na wale wanaotaka jike wa kuzalishia, nitawauliza keji ya wazee wenu iko wapi, nitumieni picha yake kwanza.